Asubuhi Anatembea, Jioni Anayumba: Kuishi na Ugonjwa wa MS Johannesburg

Mara nyingi ugomvi huingia nyumbani kabla ya ugonjwa kupewa jina. Mama mmoja wa Yeoville huamka salama, hushuka ngazi za ghorofa tatu na kwenda kusuka nywele Rockey Street. Ikifika saa nane mchana hurudi akishika ukuta, unyayo wa kushoto ukiburura, na wapita njia humtazama kama mtu aliyelewa. Kesho yake asubuhi hutembea tena kana kwamba hapakuwa na lolote. Mumewe huuliza: ikiwa jana hakuweza, leo ameweza vipi? Wifi husema ni uvivu. Jirani hunong'ona kwamba ametupiwa kitu. Mwenyewe hukaa kimya, kwa sababu hana maneno ya kueleza jambo ambalo hata yeye halielewi.

Mama huyo ni wa mfano tu, lakini hali yake ni ya kweli kwa watu wengi wanaoishi na maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao hospitalini hutajwa kwa herufi mbili, MS, na ambao Wakongo waliosoma kwa Kifaransa huenda wakaujua kwa herufi SEP. Kipeperushi hiki hakielezi ugonjwa wote. Kinahusu msawazo wa mwili na kutembea: namna vinavyobadilika, na namna familia inavyoweza kupanga maisha ya ghorofani, barabarani na kliniki ili mgonjwa asianguke, na asiitwe mwongo.

Kinachotokea mwilini

Ubongo hupeleka amri miguuni kupitia mishipa ya fahamu, na kila mshipa umevikwa ala, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuishambulia ala hiyo ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Palipochubuka hubaki kovu. Ujumbe unaopita hapo huchelewa, hupotea njiani au hufika nusu. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja.

Ili mtu asimame wima bila kufikiri, mwili hutegemea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Sehemu ya nyuma ya ubongo huzikusanya habari hizo na kusawazisha mwendo. Kovu likikata habari za nyayo, macho hubeba mzigo wote. Ndiyo maana mgonjwa anayesimama vizuri mchana anaweza kuyumba ghafla akifumba macho kunawa uso, akivua nguo kwa kuipitisha kichwani, au umeme ukikatika akiwa katikati ya chumba. Dalili hii haifai kupuuzwa. Anayeyumba kila anapotia udhu au kunawa uso amwambie mhudumu wa afya, na kwa wakati huo anawe akiwa ameketi.

Miguu yenyewe hubadilika kwa njia kadhaa. Misuli inaweza kudhoofika, hasa ile inayonyanyua ncha ya unyayo, na vidole vikaanza kukwaa zulia. Inaweza pia kukakamaa, mguu ukawa mgumu kama ubao. Au mtu hupoteza ule ujuzi wa kupima hatua, akatembea miguu ikiwa imetanuka kama aliye ndani ya mtumbwi. Wengi huwa na mchanganyiko wa hali hizo, na juu yake uchovu mzito usiolingana na kazi iliyofanywa.

Kuhusu swali la yule mume, jibu lipo. Mshipa uliochubuka hupitisha ujumbe kwa shida, na joto likipanda mwilini kwa nusu digrii tu, hata kidogo kinachopita huweza kukwama. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika jambo hili mwaka 1890 alipoona wagonjwa wakififiwa na macho baada ya kujitaabisha. Jua la Oktoba, foleni ndefu, jiko la chumba kisicho na dirisha, homa ndogo, au kazi ya saa tano za kusimama, vyote huleta matokeo hayo. Mwili ukipoa na kupumzika, mguu hurudi. Kwa hiyo aliyetembea asubuhi na kushindwa mchana hajabadili nia. Familia ipange siku kwa kuangalia saa mbaya ya mgonjwa, isipange kwa saa yake nzuri.

Kukanda kwa maji ya moto

Hapa pana desturi njema inayoweza kudhuru. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mguu uliolegea hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto, na anayekanda huwa bibi au dada mkubwa mwenye huruma ya kweli. Kwa mgonjwa wa MS, joto hilo linaweza kuulegeza mguu zaidi kwa saa kadhaa, na anayeinuka mara baada ya kukandwa anaweza kuanguka hapo hapo. Jambo la pili ni baya kuliko la kwanza: ngozi iliyopoteza hisia haitambui maji yanayounguza, na mgonjwa hataondoa mguu.

Mikono ya bibi haihitaji kufukuzwa. Kuchua kwa mafuta yasiyopashwa moto, na kuunyoosha taratibu mguu uliokakamaa kama mtaalamu wa fiziotherapia atakavyoonyesha, ni msaada mkubwa. Maji yakitumika, yawe vuguvugu, na apime joto mtu mwingine kwa kiwiko chake. Siku za joto, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi shingoni na kwenye vifundo vya mikono, pamoja na maji baridi ya kunywa, humrudishia mgonjwa nguvu upesi kuliko kitu kingine chochote kilichomo nyumbani.

Baridi nayo ina yake. Usiku wa Juni na Julai huko juu, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari, misuli iliyokakamaa huzidi kukaza. Nguo nzito na blanketi zinatosha. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe: hewa yake huua watu waliolala, na mtu asiye na msawazo anaweza kuliangukia.

Kujua jina la ugonjwa

MS huchelewa kutambuliwa miongoni mwa Waafrika kwa sababu kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Afrika Kusini yenyewe ina nafasi katika historia hiyo: daktari Geoffrey Dean alichapisha mwaka 1967 utafiti kuhusu MS kwa Wazungu waliozaliwa nchini na wale waliohamia kutoka Ulaya, na ni baadaye sana, mwaka 1994, ambapo yeye na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa Weusi wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Bado ni ugonjwa wa nadra katika nchi zetu, lakini upo. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, takriban mara mbili au zaidi, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati mtu ana watoto wadogo na kazi.

Kwa kuwa ni wa nadra, daktari hana budi kuondoa kwanza mambo mengine yanayodhoofisha miguu: kifua kikuu cha uti wa mgongo, VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12, kiharusi. Kuombwa kupima VVU si kushukiwa tabia. Familia za Kongo, na baadhi za Tanzania, huenda zikakumbuka konzo, ugonjwa wa miguu unaoletwa na muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri, ambao uliwahi kuzuka Tarime miaka ya 1980. Konzo huja ghafla, hushika miguu yote miwili, kisha haiendelei kuongezeka. MS huja na kupungua, au huongezeka polepole miaka ikipita. Historia ya chakula na ya mahali mtu alipokulia ielezwe kwa daktari bila kuona haya.

Njia ya kawaida huanzia kliniki ya karibu, ambako muuguzi au daktari huandika barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Charlotte Maxeke iliyoko Parktown, Helen Joseph iliyoko Auckland Park, na Chris Hani Baragwanath iliyoko Soweto ni hospitali kubwa za umma za jiji hili. Huko mgonjwa huweza kupigwa picha ya MRI na kutolewa maji kidogo ya uti wa mgongo kwa uchunguzi. Zipo dawa za kupunguza mashambulio, ingawa si zote zinazopatikana katika hospitali za umma. Zipo pia dawa za kulegeza misuli, kama baklofeni. Hii ya mwisho ina jambo la kuangaliwa: kwa mgonjwa mwingine ukakamavu wa mguu ndio unaomshikilia asimame, na dawa ikizidi mguu hukunjika. Hilo likitokea, daktari aelezwe apunguze kipimo. Mgonjwa asiikatishe ghafla mwenyewe, kwani kuikatisha kunaweza kumletea madhara makubwa.

Chumba, ngazi na bafu

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu MS hudhani kwamba mgonjwa ana nyumba yake. Katika majengo ya Hillbrow, Berea na Yeoville mara nyingi chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia, familia mbili zikashiriki bafu moja, na lifti ikawa haifanyi kazi. Kwa hiyo marekebisho yaanze na yale yasiyo na gharama.

Njia kutoka kitandani hadi chooni iwe wazi usiku na mchana: pasiwe na ndoo, waya wa chaja, viatu vya watoto wala mkeka uliojikunja pembeni. Taa ndogo ya betri iwekwe mahali mkono wa mgonjwa unapofika akiwa amelala, kwa ajili ya usiku wa kukatika umeme. Kandambili ziachwe, unyayo unaoburura huzipoteza kila hatua. Kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli nyembamba isiyoteleza, ni bora. Khanga na dera ndefu vifungwe juu ya kifundo. Kupika kufanyike kwa kuketi kwenye kiti chenye mgongo. Kigoda hakifai, kwa kuwa ugumu si kukaa chini bali kuinuka, na anayeinuka karibu na sufuria ya moto hana pa kushika. Bafuni, kiti cha plastiki kisicholegea miguu na kitambaa kilichokunjwa chini yake kisiteleze vinatosha kumfanya mtu aoge peke yake, jambo ambalo kwa wengi lina thamani kubwa kuliko kutembea mbali.

Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia kupanda, na mguu dhaifu hutangulia kushuka. Msaidizi husimama ngazi moja chini ya mgonjwa, iwe anapanda au anashuka, wala hamvuti mkono. Mzigo ubebwe mgongoni au apewe mtoto, ili mkono mmoja ubaki kwenye kishikio. Ikiwa familia inaweza kubadilishana chumba na jirani wa ghorofa ya chini, ombi hilo lifanywe mapema, kabla ya mgonjwa kuwa mfungwa wa ghorofa ya sita.

Fimbo hukataliwa na wengi kwa sababu ni kitu cha wazee, na mwanamke wa miaka 30 huona aibu kuonekana nayo. Lakini fimbo humwambia mpita njia kwamba huyu hajalewa, na hilo peke yake hupunguza matusi ya barabarani. Hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu dhaifu, na kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama mikono imelegea. Fimbo ndefu kupita kiasi humsukuma mtu nyuma. Kwa unyayo unaodondoka, kipo kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu na kuushikilia. Idara ya fiziotherapia ya hospitali ndiyo inayopima mahitaji ya fimbo, fremu, kifaa hicho au kiti cha magurudumu, na huenda pakawa na orodha ya kungoja. Kiti cha magurudumu nacho si hukumu. Wengine hukitumia kwa safari ndefu tu, wakatembea nyumbani kwa nguvu walizozihifadhi.

Mazoezi yafanywe saa ya baridi ya siku, kwa vipindi vifupi, mgonjwa akiwa ameshika ukingo wa sinki: kuinua visigino mara kumi, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kuinuka kitini na kuketi tena. Anayelala kitandani kwa kuogopa kuanguka hudhoofika, na kudhoofika huko humwangusha baadaye. Jambo jingine linalosahauliwa ni simu: kutembea huku mtu anazungumza humwibia mgonjwa uangalifu anaouhitaji kwa kila hatua. Akipigiwa, asimame kwanza.

Barabarani na mahali pa ibada

Teksi za jiji hazingoji. Anayejua kwamba mguu wake humchelewesha apande mahali pa kuanzia safari, ambapo gari husimama hadi lijae, akae karibu na mlango, aandae nauli mkononi, na amweleze dereva mapema atakaposhuka. Mabasi ya Rea Vaya, yaliyoanza mwaka 2009, yana vituo vilivyoinuliwa ambapo sakafu ya kituo hulingana na mlango wa basi, na hivyo hakuna ngazi ya kupanda. Safari ya hospitali ikiweza kupangwa asubuhi, mgonjwa hukwepa joto na pia mvua za radi za alasiri zinazoloanisha njia wakati wa kiangazi.

Muislamu asiyeweza kusujudu bila kuanguka ameruhusiwa na dini yake kuswali akiwa ameketi kitini, na maimamu wa Mayfair na Fordsburg wanalifahamu hilo. Kanisani, kiti cha pembeni karibu na ukuta humwezesha mtu kushiriki nyimbo bila kusimama saa nzima. Kuombewa hakugongani na dawa. Kinachodhuru ni kuambiwa kwamba imani imetimia, kisha dawa ikatupwa.

Mtu akianguka

Asivutwe mikono mara moja. Apumzike kidogo, aulizwe panapouma, atazamwe kichwa na nyonga. Ikiwa hakuumia, ageuke ubavu, apige magoti, aweke viganja juu ya kiti kizito kilicholetwa mbele yake, atangulize mguu wenye nguvu, kisha ainuke, kiti kingine kikiwa tayari nyuma yake. Mtoto mkubwa anaweza kufundishwa kuleta viti hivyo.

Mabadiliko mengine hayangoji. Dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa inaweza kuwa shambulio jipya, na kliniki iarifiwe siku hiyo. Ikiwa pana homa au mkojo unaouma, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoidhoofisha miguu, na yakitibiwa mguu hurudi. Lakini miguu ikipoteza nguvu kabisa ndani ya saa chache, mkojo ukizuilika, ganzi ikishika sehemu za siri, mdomo ukipinda, maneno yakichanganyika, au kichwa kikiwa kimepigwa vibaya, gari la wagonjwa liitwe kwa namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Haki na karatasi

Katiba ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawapa wakimbizi haki ya huduma za msingi za afya. Hospitalini mgonjwa huulizwa hati na kipato ili malipo yakadiriwe, hivyo hati ya ukimbizi au ya kuomba hifadhi ibebwe pamoja na nakala, na muda wake uangaliwe kabla ya tarehe ya kuonana na daktari. Ruzuku ya ulemavu inayotolewa na SASSA ni kwa raia, wakazi wa kudumu na wakimbizi waliotambuliwa rasmi, wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Mwombaji wa hifadhi ambaye bado hajajibiwa haimhusu. Maombi yake hayalipiwi, na anayedai fedha ili aipeleke fomu anatapeli.

Mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake. Binti wa miaka kumi hapaswi kuwa wa kwanza kusikia kuhusu mkojo, ndoa au miguu isiyorudi, na mama hataeleza ukweli wote mbele yake. Aombwe ndugu mtu mzima, au mtu wa jumuiya anayetunza siri.

Siku ya miadi huwa na kikwazo chake. Daktari humwona mgonjwa saa tatu asubuhi, akiwa amepumzika, akitembea vizuri, na jalada huandikwa hivyo. Kwa sababu hiyo, wiki mbili kabla, familia iandike kwenye daftari kila alipoanguka au kukaribia kuanguka: saa ngapi, wapi, alikuwa akifanya nini, na joto lilikuwaje. Kisha, siku moja saa nane mchana, kwa ruhusa ya mgonjwa, mumewe ampige picha ya video kwa simu akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, miguu ikionekana yote. Video hiyo ya nusu dakika ioneshwe kwa daktari kabla hajaanza kuuliza.